Tangi la Damu ya Mzee

Cha kwanza kumshangaza fundi kilikuwa joto. Pikipiki ililetwa ikisukumwa, injini imezimwa, na mwenyewe alisema haijawashwa tangu jana yake. Lakini fundi alipolaza kiganja juu ya tangi, alikuta vuguvugu. Jua halikuwepo, maana mawingu yalifunga tangu alfajiri. Lilikuwa vuguvugu la kitu chenye uhai, kama tumbo la paka aliyelala. Aliondoa mkono, akaufuta, akajiambia kwamba mtu aliyekosa usingizi kwa sababu ya kichanga lazima aanze kuhisi mambo.

Mtaani walimwita Kitambaa. Hakuna aliyewahi kumwona bila kitambaa begani, na mkewe alipenda kusema kwamba siku ya harusi yao alikuwa nacho mfukoni, akafutia kiti kabla ya kumkalisha. Kwa usafi hakuwa na mpinzani. Kanuni yake ya kazi ilikuwa moja: vua vyote, osha vyote, rudisha vyote. Mafundi wengine walivua kipande na kurudisha kipande, na mwisho wa siku wakabaki wanatazamana na nati iliyozidi. Yeye hapana, na aliringa nalo jambo hilo.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mtindo wa zamani, zile zinazotengenezwa leo zikavalishwa sura ya babu: taa ya mviringo, kiti kirefu cha ngozi, spoku zinazometa, na tangi lililonona la rangi ya damu ya mzee. Kila ubavu wa tangi ulikuwa na nembo ya shaba, bawa la ndege lililokunjuliwa. Mabawa yote mawili yalikuwa yamepasuka katikati.

"Nataka nembo tu," alisema mwenye pikipiki. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyevaa glovu nyeusi na hakuzivua hata kusalimia. Alitoa nembo mpya kutoka ndani ya koti. "Hizi zimepasuka. Bandika hizi."

"Kazi ndogo hiyo, bwana mkubwa."

"Ndogo, lakini sikiliza. Vua moja, bandika moja. Ukivua ya kushoto, bandika kwanza ya kushoto, ndipo uende kulia. Tangi lisikae tupu pande zote mbili."

"Litapata mafua?" Kitambaa alitania.

Yule mtu hakucheka. "Kesho jioni nina safari ndefu. Nitaifuata mwenyewe."

Kuiingiza karakana kulihitaji watu wawili, na bado waliloa jasho. Kitambaa alidhani breki zimeng'ang'ania. Alizikagua, akazikuta ziko sawa, akashangaa, akaendelea na mengine.

Karakana ilikuwa mbele, nyumba ilikuwa nyuma, na katikati palikuwa na ua mdogo wa saruji. Dirisha la chumba cha kulala lilitazama uani, kwa hiyo kila mtoto alipolia Kitambaa alisikia. Mtoto mwenyewe alikuwa wa kike, hata miezi miwili hajatimiza, na hakuwa na jina. Mama yake Kitambaa, ambaye tangu mjukuu azaliwe nyumba nzima ilimwita Bibi, alitaka mtoto achukue jina lake yeye. Mke alitaka la dada yake aliyefariki. Hakuna aliyepiga kelele. Walinuniana tu kwa adabu, mmoja akipika, mwingine akiosha vyombo kwa kishindo. Kitambaa, mpenda amani pale ambapo amani haimgharimu kitu, alisema wataamua Jumapili, na Jumapili zikawa zinapita. Mtoto aliitwa "huyu," "mwanangu," na mara nyingi "Kifurushi."

Mchana ule alilia sana, na Bibi alimzungusha uani akimwimbia. Kitambaa alianza na nembo ya kushoto. Aliipasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele ya mkewe, gundi ikalegea, akapitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma yake, akawa anauvuta huku na huku kama msumeno. Nembo iliachia. Ilipoachia, tangi lilitoa pumzi ndefu, na harufu ya petroli ilimjaa puani mpaka macho yakamtoka machozi.

Hapo ndipo alipotakiwa kubandika. Lakini gundi ya zamani ilikuwa imeacha ukoko mweusi, na upande wa kulia bila shaka kulikuwa na mwingine, na kusugua ukoko huku nembo mpya imeshakaa ni kuichafua. Moyo wake haukukubali. Kazi chafu aliiogopa kuliko alivyoliogopa agizo la mtu mwenye glovu, kwa hiyo alivua na ya kulia. Ilitoka kirahisi, kana kwamba kuna mtu ndani anaisukuma.

Wakati uleule umeme ulikatika. Mashine ilinyamaza mkononi mwake. Na kule uani, mtoto naye alinyamaza, katikati ya kilio, mdomo bado wazi.

"Afadhali," alisema Bibi, akamwingiza ndani.

Bila moto gundi mpya isingeshika. Kitambaa alisugua ukoko, akalifuta tangi mpaka likang'aa, akaamua kumalizia kesho. Jioni alipoisogeza pikipiki ukutani aliisukuma kwa mkono mmoja. Alifurahi, akajisifu kwamba yale mafuta aliyotia kwenye ekseli yamefanya kazi.

Ndani, mkewe alikuwa amekaa kitandani amempakata mtoto, na uso wake haukuwa mzuri.

"Umemshika huyu bila kunawa?"

"Sijamgusa tangu asubuhi."

"Basi mnuse."

Alimnusa utosini. Ilikuwa petroli, tena kali.

"Na mbona mzito hivi?" mke aliuliza kwa sauti ya chini. "Mkono wangu unakufa ganzi. Asubuhi nilimbeba huku nafagia."

Kitambaa alimpokea, na mikono yake ikashuka. Mtoto alikuwa mzito kama mfuko wa misumari. Hakulia wala hakunyonya. Alikuwa anamtazama baba yake moja kwa moja, bila kupepesa, na kifuani mwake kulikuwa na mngurumo mdogo, wa chini, usiobadilika.

"Ana kifua," alisema Kitambaa. "Kesho tumpeleke hospitali."

"Hiyo si sauti ya kifua," mke alisema. Na kwa kweli ilikuwa sauti aliyoisikia yeye kila siku ya maisha yake ya kazi, sauti ya injini iliyoachwa ingurume pembeni wakati mwenyewe ameingia dukani mara moja.

Kulipokucha alienda karakana kutafuta chochote cha kufanya, maana mikono yake haikujua kukaa. Alipofungua mlango alikutana na harufu ya maziwa. Alidhani amemwaga chai. Alitafuta chini ya meza, akatafuta nyuma ya matairi, na kila alipolikaribia lile tangi harufu iliongezeka, mpaka akafungua kifuniko cha mafuta na kuinamia shimo lile jeusi, na mahali pa petroli akasikia harufu ya shingo ya mwanawe, ile harufu tamu, chachu kidogo, aliyoijua kuliko harufu ya nguo zake mwenyewe, na kwa kuwa hakuamini pua yake aliweka sikio juu ya chuma, akazuia pumzi, na ndani kabisa, mbali, kama kutoka chini ya kisima, akasikia kwikwi ya mtoto aliyelia mpaka akachoka.

Aliruka nyuma, akaangusha ndoo ya spana. Kwikwi ilikatika, kisha kilio kikaanza upya, chembamba, ndani ya chuma.

Alikimbilia ndani. Bibi na mkewe walikuwa wamesimama pande mbili za kitanda, wamekumbatia mikono yao. Mtoto amelala katikati ya shuka. Mngurumo umeongezeka, na miguu ya kitanda ilikuwa inatetema.

"Huyu si wangu," mke alinong'ona, kana kwamba anaogopa kusikiwa na aliyelala. "Nisameheni, lakini huyu si wangu."

Bibi, mbishi wa kila jambo chini ya jua, safari hii hakubisha. Alijifunga mtandio, akatoka, akarudi alasiri na mganga.

Wenyewe walimwita Mama Pumzi, kwa sababu ya pumu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye koti la mvua na dawa yake ya kuvuta mfukoni, na jambo la kwanza alilofanya ni kuomba kiti. Alipopata hewa aliingia chumbani, akasimama mlangoni, akamtazama mtoto. Mtoto akamtazama. Mngurumo ulikoma.

"Aa," alisema Mama Pumzi. "Tunajuana." Alirudi nyuma bila kumpa mgongo, akaomba aonyeshwe karakana. Kule alizunguka pikipiki, akazigusa zile alama mbili zilizobaki tupu.

"Nani alizivua zote kwa pamoja?"

"Mimi," alisema Kitambaa.

"Hukuambiwa?"

"Niliambiwa."

Alitikisa kichwa kama muuguzi aliyesikia kwamba mgonjwa hakumaliza dozi. "Humu alifungwa jini. Alifungwa kwa chapa mbili, kulia na kushoto, na wewe umempa milango yote. Sasa jini hapendi kukaa nje. Anatafuta mwili, tena mwili usio na mwenyewe, na mwenye jina huwa tayari anaye mwenyewe. Nyumba hii ina mtu asiye na jina?"

Bibi na mke walitazamana, kisha wote wawili wakatazama sakafu.

"Basi ndiye. Jini ameingia kwa mtoto, na mtoto amesukumwa huku alikotoka yeye."

Mke alilifuata tangi, akaliwekea shavu, akalia kwa sauti. Lile tangi nalo lililia.

"Anarudi?" Kitambaa aliuliza.

"Anarudi mkifanya kama nisemavyo, si kama unavyojua wewe." Mama Pumzi alivuta dawa yake, akashusha sauti. "Chagueni jina moja, liitwe na mdomo mmoja. Mwiteni kule chumbani. Mtoto wenu akilipokea, atarudi mwilini mwake, na huyu atarushwa humu. Mtaona mtoto anageuza kichwa kumtafuta anayemwita. Nimesema kichwa. Macho msiyaamini, yanacheza tangu nimeingia. Kichwa kikigeuka, mpigieni ukelele fundi, naye abandike zote mbili kwa mpigo, jini asipate pa kutokea. Ukibandika kabla, baba, unamfungia mwanao humu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na wewe hukai nasi?" Bibi aliuliza kwa woga.

"Nikikaa hatoki. Nitakuwa pale kwenye kona, kwenye benchi la duka. Mkimaliza niiteni."

Alipoondoka, mke alifuta uso kwa upindo wa gauni. "Mwite la kwako, Mama," alimwambia Bibi. "La dada yangu naliacha. Mwite lolote, nimpate."

Bibi alianza kulia. Jina hilo alilitaka kwa muda mrefu, na sasa alipewa namna hii.

Umeme ulikuwa umerudi. Kitambaa aliisogeza pikipiki uani chini ya dirisha, akazipasha moto nembo mpya, akabandua karatasi ya gundi, akasimama nyuma ya tangi na bawa moja katika kila kiganja, karibu kabisa na chuma, kama mtu anayetaka kumziba mwenzake masikio. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya paa. Chumbani Bibi aliita jina. Aliita taratibu kwanza, kwa sauti ya kubembeleza, na mngurumo ukamjibu; akaita tena, na kioo cha dirisha kikaanza kulia kwenye fremu yake, na harufu ya petroli ikamwagika uani mpaka koo la Kitambaa likakauka, na ndani ya tangi, baina ya mikono yake, mtoto alilia kwa nguvu ambayo hakuwahi kumsikia nayo, akipiga, akigonga, akikwaruza chuma kwa kucha zile ndogo ambazo mama yake alizikata juzi kwa meno, na Bibi akawa hapumziki kati ya jina na jina, na gundi ilikuwa inapoa, na gundi ikipoa haishiki, na Kitambaa akawa anajisemea moyoni, geuka mama, geuka, geuka.

"Amegeuka!" Bibi alipiga ukelele. "Baba, bandika! Amenigeukia!"

Alibandika. Alibana kwa nguvu zake zote, kushoto na kulia kwa pamoja, kifua chake juu ya tangi. Kilio cha ndani kilikatika kama mlango umefungwa. Na kutoka dirishani kilitoka kilio kingine, cha wazi, cha mtoto mwenye njaa na hasira. Kitambaa aliteleza mpaka chini, akakaa kwenye saruji, akacheka na machozi yakimtiririka ndevuni. Alimsikia Bibi anashangilia jina lake. Alimsikia mkewe anasema, "Njoo kwangu, njoo, njoo."

Bado amekaa pale, lango liligongwa. Mwenye pikipiki alikuwa amefika na glovu zake na begi la safari.

Kitambaa hakutaka hata kuiona tena pikipiki ile. Aliifuta haraka, akamkabidhi. Yule mtu alipitisha kidole juu ya bawa la kushoto, kisha la kulia. Aliisukuma hatua chache kuelekea lango, akasimama.

"Mbona imekuwa nyepesi?"

"Ekseli nimezitia mafuta."

"Ulivua moja moja, kama tulivyosema?"

"Moja moja," alisema Kitambaa. Alitaka lango lifungwe. Alitaka kwenda ndani kwa mwanawe.

Yule mtu alimtazama kidogo, akavaa kofia, akapiga kiki. Injini ilikubali mara moja. Ikatoka, ikashika barabara, na Kitambaa akafunga lango kwa komeo na kuliegemea.

Alikuwa hajageuka bado alipolisikia linapigwa kwa nje. Alipofungua, Mama Pumzi aliingia akihema, hana sauti, ameshika ubavu.

"Imenipita," alisema kwa shida. "Imenipita inalia. Nani alikwambia ubandike?"

"Bibi alisema... Aligeuka. Wote tumesikia."

Bibi alikuwa ametokea mlangoni, furaha bado iko usoni. Mama Pumzi alimshika mabega.

"Kichwa kiligeuka?"

"Alinitazama," alisema Bibi. "Nilimwita kwa jina langu akanitazama. Macho yalisogea, dada. Niliyaona yamesogea." Halafu alijisikia mwenyewe akisema, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Kitambaa alikimbia. Alifika kwenye kona, na pale barabara inagawanyika, na njia zote zilikuwa tupu. Mbali, chini ya mlio wa injini uliokuwa unafifia, alisikia kilio, na hakuweza kujua kinatoka upande upi. Alisimama katikati ya njia. Alitaka kupaza sauti amwite yule mtu, akafungua kinywa, akakumbuka kwamba hakumuuliza anaitwa nani.

Aliporudi, mkewe alikuwa amekaa kwenye kizingiti na mtoto mapajani. Alikuwa hamtazami mtoto. Alikuwa anatazama kifua cha gauni lake, kilicholowa maziwa mpaka kiunoni.

"Tangu jana halikutoka hata tone," alimwambia, sauti yake ndogo kabisa. "Huyu analia, hayatoki. Pikipiki ilipowashwa pale nje, ikalia, maziwa yakatoka yenyewe."

Kitambaa alipiga magoti mbele yake. Mikononi mwa mkewe, yule mzito alinusa maziwa, akageuza kichwa.